Kabla hujalipia tiketi ya msimu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema chuo kinawauzia wanafunzi tiketi ya msimu wa futiboli ya Kimarekani, dola 210 kwa mechi 7 za nyumbani, dirisha linafunguliwa Jumanne, na wenzako wa bwenini wote wananunua. Unataka nikujibu ndiyo au hapana. Nitakujibu, lakini anza na bili yako ya ada kabla ya kuigusa tiketi.

Ingia kwenye akaunti yako ya malipo, fungua bili ya muhula huu, shuka nayo mstari kwa mstari. Chini ya karo, bweni na chakula kuna mistari mifupi ambayo watu huiruka. Tafuta ulioandikwa "Athletics Fee". Usipouona, usidhani haupo. Vyuo vingine huizamisha ada ya michezo ndani ya mstari mmoja mpana, mathalani "Comprehensive Fee", ikachanganyika na zahanati, mabasi na ukumbi wa mazoezi. Ukikuta hivyo, waandikie wahasibu wa chuo maswali mawili tu: kati ya fedha hii, kiasi gani kinakwenda idara ya michezo? Na je, kinanipa haki ya kuingia mechi?

Majibu yatakuonyesha uko chuo cha aina gani. Kuna vyuo ambavyo ada hiyo ndiyo tiketi yenyewe: unaomba nafasi mtandaoni, majina yakizidi viti wanapiga bahati nasibu, ukipata unaingia bila kutoa senti nyingine. Kuna vyuo vinavyouza tiketi tu, asiyetaka halipi. Halafu kuna vinavyochukua huku na huku: ada umelipa, na getini bado unadaiwa tiketi. Hao wa mwisho ndio wanaonikera, kwa sababu mwanafunzi anaona dola 210 na kuziita bei ya mpira, kumbe bei ya mpira ilishaanza kulipwa mwezi Agosti.

Mfano wa ada nzito ni Chuo Kikuu cha James Madison, Virginia, ambako mwanafunzi huchangia michezo zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kupitia ada, awe shabiki au hajawahi kukanyaga uwanjani. Jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 2015 kuweka ukomo wa sehemu ya mapato ya michezo inayoweza kutoka kwenye ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo: asilimia 20 kwa vyuo vya ligi kubwa, hadi asilimia 78 kwa vyuo vya daraja la kwanza visivyo na timu ya futiboli. Jimbo halitungi sheria ya namna hiyo kama hakuna mzigo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ada iliyofichwa hupotea hivyo hivyo. Chukua daftari tuhesabu. Tuseme ada ya michezo ni dola 600 kwa mwaka. Miaka minne ni 2,400. Kama sehemu hiyo ya bili inalipwa na mkopo wa serikali kuu, riba ya mikopo ya shahada ya kwanza kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni asilimia 6.39. Ukilipa kwa miaka 10 unarudisha kama dola 27 kila mwezi, jumla karibu 3,250, bila kuhesabu riba inayojikusanya ukiwa bado darasani. Mtu anamaliza chuo, anaanza kazi, anafikisha miaka 30, bado analipia jukwaa alilokaa akiwa na miaka 18. Ndiyo maana mimi nasimama upande wa tiketi unayoiona, yenye bei iliyoandikwa, ambayo unaweza kuikataa. Hata ikiwa ghali, angalau imekuuliza.

Kukataa kwenyewe kuna nguvu, na ushahidi uko Ann Arbor. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu 107,601. Mwaka 2013 idara ya michezo iliondoa viti vya wanafunzi vilivyopangwa, anayewahi ndiye anayekaa mbele, na bei ikapandishwa. Msimu wa 2014 tiketi ya mwanafunzi ilikuwa dola 280 kwa mechi 7, sawa na 40 kwa mechi. Sasa angalia ratiba ya mwaka huo: Ohio State ugenini, Michigan State ugenini, Notre Dame ugenini. Mahasimu wote watatu wako nje, nyumbani wamebakizwa akina Appalachian State na Miami ya Ohio, na bei iko juu. Wanafunzi kwa maelfu hawakununua. Mwezi Septemba ikaja promosheni ya kumpa tiketi mbili kila anayenunua chupa mbili za Coca-Cola, tiketi zilezile za timu ambayo mwanafunzi ameambiwa ni dola 40 kwa mechi. Hasira hizo zilichanganyika na mambo mazito zaidi, likiwemo la mchezaji kurudishwa uwanjani baada ya kuumia kichwa, na wanafunzi wakaandamana. Mkurugenzi wa michezo, Dave Brandon, alijiuzulu tarehe 31 Oktoba 2014. Aliyeshika nafasi kwa muda, Jim Hackett, alishusha tiketi ya mwanafunzi ya 2015 hadi dola 175 kwa mechi 7, sawa na 25 kila moja, tena msimu ambao Ohio State na Michigan State wote walikuja Ann Arbor.

Kosa la 2014 lilikuwa kumchukulia mwanafunzi kama mnunuzi wa kawaida. Kiti chake kikiuzwa kwa mgeni kingeleta fedha zaidi, hilo ni kweli. Lakini mgeni hapigi kelele kwa muda wa saa tatu na nusu akiwa amesimama, na kamera za televisheni zinalitafuta jukwaa la wanafunzi kila baada ya bao. Mhitimu anayechangia chuo akiwa na miaka 45 mara nyingi ni yule aliyejenga mazoea akiwa na 19. Ukimkimbiza kwa dola 15 za ziada, umempoteza huyo pia.

Usitegemee bei kushuka siku za karibuni. Tarehe 6 Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hiyo lazima itoke mahali. Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza mapema, Septemba 2024, kwamba wenye tiketi za msimu wa 2025 wataongezewa asilimia 10 kwa ajili hiyo. Wachezaji kulipwa naona ni haki yao. Ninachotaka ni kwamba mwanafunzi akichangishwa, aambiwe wazi.

Turudi kwenye tiketi yako. Dola 210 kwa mechi 7 ni 30 kwa mechi, lakini hutakwenda zote saba. Chukua ratiba na kalenda ya chuo uziweke pamoja. Mechi ya kwanza au ya pili ni ya timu ndogo iliyolipwa kuja kufungwa. Hiyo utakwenda, ila jukwaa hujaa robo mbili za kwanza, kisha watu wanaondoka. Utakazokosa ni mbili: moja itaangukia wikendi ya mapumziko ya katikati ya muhula. Ya mwisho mara nyingi iko wikendi ya sikukuu ya Thanksgiving, ambapo bweni linabaki tupu na wewe utakuwa hapa nyumbani unakula pilau. Zimebaki 5. Gawanya 210 kwa 5 unapata 42. Ukiuza mbili ulizoacha kwa dola 15 kila moja, gharama yako inashuka hadi 180, yaani 36 kwa mechi. Hiyo ndiyo bei halisi, ijadili hiyo.

Kisha linganisha na kununua mojamoja kutoka kwa wanafunzi wenzako. Mechi ndogo hupatikana kwa bei ya kutupa siku yenyewe, ila mechi ya hasimu inaweza kukaribia nusu ya tiketi nzima. Kwa hiyo ukitaka ya hasimu pamoja na nyingine mbili au tatu, msimu mzima unalipa. Ukitaka kuonja tu, subiri. Huku si kama Simba na Yanga, ambapo unakata tiketi ya mechi moja na biashara imeisha. Hapa unalipa kabla hujaiona timu, na ikiharibu msimu fedha hairudi.

Angalia pia tiketi haina nini. Michuano ya ubingwa wa taifa, ambayo tangu msimu wa 2024 ina timu 12, mechi zake za kwanza huchezwa Desemba kwenye viwanja vya vyuo. Tiketi ya msimu haizihusu. Unapewa siku chache za kuamua, bei mpya, wiki ambayo mitihani inaisha na watu wanasafiri.

Ukiamua kununua, fanya hivi. Jumatatu jaribu kuingia kwenye mfumo wa tiketi kwa akaunti ya chuo, si barua pepe yako binafsi. Wengi wa mwaka wa kwanza hukwama hapo dakika ya mwisho kwa sababu hawajasajiliwa kama wanafunzi wa muda wote, kawaida krediti 12. Hakikisha anwani ya kadi yako ni ileile iliyoko benki. Kama mnataka kukaa pamoja, undeni kundi kwenye mfumo kabla ya mauzo, maana baada ya kulipa hawawasogezi. Siku yenyewe, ingia chumba cha kusubiri robo saa kabla. Kuingia saa nzima mapema mara nyingi hakukusaidii, kwa kuwa dirisha likifunguka mfumo hupanga foleni kwa kuchanganya namba. Usibonyeze kuonyesha upya ukurasa, unaweza kurudishwa mkiani. Lipa kwa kadi ya matumizi yako. Usiruhusu ipelekwe kwenye akaunti ya ada, kwani deni la tiketi lisipolipwa linaweza kukufungia usajili wa muhula ujao.

Soma masharti ya kutokuja, haya yanawaumiza wengi. Vyuo vinahesabu nani alikuja. Chuo Kikuu cha Alabama, mwaka 2019, kilianza kufuatilia simu za wanafunzi kwa programu: pointi 100 kwa kufika, 250 zaidi kwa kubaki hadi robo ya nne, na pointi hizo zikawapa nafasi mbele kwa tiketi za fainali. Chuo Kikuu cha Texas A&M, kwa miaka mingi mwenye pasi ya msimu ilibidi bado achukue tiketi ya kila mechi wiki yenyewe, wa mwaka wa nne Jumatatu, wa kwanza Alhamisi. Kama huendi, gawa au rudisha tiketi kabla ya muda uliowekwa. Ukiiacha ife mkononi unaweza kuadhibiwa mwakani.

Kuuza na kununua kwa wenzako kuna mtego mmoja mkubwa. Tiketi iko ndani ya simu, na ukiitazama kwa karibu utaona mstari wa mwanga unaopita juu ya ile mistari ya kuskani, mbele na nyuma. Msimbo wenyewe hubadilika kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo picha ya skrini haifunguki getini hata mtu aape vipi. Tiketi ni yako pale tu mfumo wenyewe umekuandikia kwamba umehamishiwa na wewe ukakubali. Kabla ya hapo usitume fedha kwa Zelle au Venmo, zile programu za kutumiana fedha, ukishatuma kwa hiari yako ni vigumu mno kurudishiwa. Na ndugu asiye mwanafunzi hawezi kuitumia hivi hivi. Lazima ilipiwe nyongeza, la sivyo ataombwa kitambulisho cha chuo getini na kurudishwa.

Siku ya mechi, ihifadhi tiketi kwenye pochi ya simu ukiwa bado bwenini, mtandao karibu na uwanja huzidiwa na watu. Simu iwe na chaji. Begi liwe la plastiki linaloona ndani, lisizidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Usipange kazi Jumamosi kwa kukisia saa, sababu televisheni ndizo zinazochagua saa ya kuanza, kawaida siku 12 kabla, wakati mwingine 6. Mwezi Novemba vaa nguo tabaka kwa tabaka, na chukua kipande cha boksi ukikanyage. Zege la jukwaani hunyonya joto la miguu hata viatu viwe vinene namna gani, na utakuwa umesimama muda wote.

Jibu langu basi. Kama bili inaonyesha umeshalipa ada ya michezo inayokupa nafasi ya bahati nasibu, usinunue mwaka huu. Omba kila mechi uone unapata ngapi. Kama haikupi kitu, na kwenye kalenda umepata mechi 5 za kweli, nunua, kwa fedha yako ya kazi ya maktaba, si ya mkopo. Zikiwa 3 au pungufu, acha wenzako wanunue, utanunua kwao.

Barua pepe ya chuo inasema mauzo ya Jumanne yanafunguliwa 10:00, yaani saa nne asubuhi. Jumatatu jioni nipigie bili ikiwa mbele yako, tuusome huo mstari pamoja.

Baba yako