Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dola za Fedha Zilizolala Ghalani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wakusanyaji sarafu ataziwasilisha Mhazini, na habari za usajili zimo katika taarifa ya Katibu, kwa hiyo sitazirudia. Naomba nitumie nafasi yangu kuzungumzia jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: dola za fedha za Morgan, yaani sarafu za zamani za Marekani zilizopewa jina la mchoraji wake, George Morgan, ambazo hazikuwahi kupita mikononi mwa watu, na ambazo wengi wetu tunaoishi Marekani tumeanza kuzinunua.

Swali nililoulizwa mara nyingi ni hili: imekuwaje dola ya mwaka 1884 ing'ae kama imetoka kiwandani jana? Jibu ni kwamba zilitengenezwa nyingi kuliko zilivyohitajika. Sheria ya Bland-Allison ya mwaka 1878 iliilazimisha Hazina ya Marekani kununua kila mwezi madini ya fedha ya thamani ya dola milioni 2 hadi milioni 4 na kuyafanya sarafu. Wenye migodi walinufaika, lakini wananchi wengi walipendelea noti. Sarafu zikatiwa kwenye mifuko ya turubai, elfu moja kila mfuko, zikarundikwa ghalani.

Mwaka 1918, kwa Sheria ya Pittman, dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyushwa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo iliuzwa kwa Uingereza kwa ajili ya rupia za India, rupia zile zile zilizokuwa zikitumika Mombasa wakati huo. Hakuna aliyeweka kumbukumbu ya miaka wala viwanda vya sarafu zilizoingia tanuruni. Hapa ndipo penye kiini cha taarifa yangu, ndugu zangu. Jedwali la idadi zilizotengenezwa haliwezi kutuambia zimebaki ngapi.

Chukueni dola ya 1903 ya kiwanda cha New Orleans. Zilitengenezwa milioni 4 na laki nne na nusu, lakini zilikuwa hazionekani, na wakusanyaji wakaamini zimeyeyushwa karibu zote. Kufikia 1962 moja isiyotumika iliandikiwa bei ya dola 1,500. Mwishoni mwa mwaka huo huo, ghala la Philadelphia lililofungwa tangu 1929 likafunguliwa, mifuko ikatoka, na bei ikaporomoka hadi makumi ya dola. Nawaonea huruma walionunua mwezi mmoja kabla.

Kinyume chake ni dola za kiwanda cha Carson City, Nevada. Hazina iliposimamisha utoaji wa dola za fedha Machi 1964, ilibaki na sarafu karibu milioni 3, nyingi za kiwanda hicho, na serikali ikaziuza kwa njia ya posta kati ya 1972 na 1980. Za Carson City za 1884 zilitengenezwa 1,136,000. Kati ya hizo 962,638 zilikuwa bado zimo kwenye akiba hiyo. Za 1889 zilitengenezwa 350,000, na humo ilipatikana moja tu.

Mwanachama mmoja alituletea sarafu ya mauzo hayo ikiwa bado ndani ya boksi lake jeusi na kasha lake gumu la plastiki. Tuliipokezana. Shavuni mwa sura ya Uhuru, yule mwanamke aliyechorwa upande wa mbele, kulikuwa na mikwaruzo midogo, na baadhi yetu wakadhani imechakaa. Sivyo. Hiyo ni alama ya mfuko: sarafu nzito za gramu 26.73 zikigongana kila mfuko unapobebwa na kutupwa. Kuchakaa hutazamwa kwenye nywele juu ya sikio na kifuani mwa tai aliye upande wa nyuma, na pale palikuwa pazima kabisa. Nasisitiza: msizisugue, msizioshe, wala msivunje kasha ili kuishika sarafu. Kasha lile ndilo ushahidi wa ilikotoka.

Liko pia suala la urithi. LaVere Redfield, mlimbikizaji wa dola za fedha wa Reno, Nevada, alipofariki mwaka 1974, nyumbani kwake zilikutwa dola za fedha zaidi ya laki nne. Mzigo wote ukauzwa mnadani Januari 1976 kwa kampuni ya A-Mark, kwa dola milioni 7.3. Akiba zetu ni ndogo mno kulinganisha na ile, lakini ni wangapi kati yetu ambao wake, waume au watoto wao wanajua kilichomo kabatini na kilinunuliwa kwa nani?

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, chama kisinunue sarafu yoyote kwa kigezo cha idadi iliyotengenezwa pekee; muuzaji atakayeita sarafu nadra aeleze imepatikana kutoka akiba ipi. La pili, kila mwanachama aandike orodha ya sarafu zake pamoja na risiti, na nakala aiache kwa mtu mmoja wa familia yake. Katibu ameandaa fomu, na zinapatikana mezani kwake. Naomba tujadili na kupiga kura kabla ya kuingia kwenye uchaguzi wa kamati mpya.

Mwenyekiti