Mjomba, nimefika Moscow bila wewe

Mjomba wangu,

Habari za Ahero, na mpunga unaendeleaje? Sisi huku Kondele tuko wazima. Mama anakusalimu na kusema una deni la safari ya Kisumu tangu Krismasi. Nakuandikia hadharani kwa sababu nadhani vijana wengi wangependa kuwauliza wajomba wao ninachotaka kukuuliza, na kwa simu hunijibu maneno matatu kisha unarudi kwenye bei ya mbolea.

Mwezi uliopita nilinunua PlayStation 4 ya mtumba, mashine ya kuchezea gemu kwenye TV, ikaja na gemu inayoitwa Call of Duty: Black Ops Cold War. Ilitoka Novemba 2020 na iliundwa na Treyarch na Raven Software, kampuni za Marekani. Najua unavyoziona gemu za bunduki. Uliniambia kwamba aliyesikia risasi ya kweli hawezi kuigeuza mchezo, nami naelewa ulikotoa maneno hayo. Ulikuwa na miaka kumi tarehe 25 Oktoba 1969, Mzee Kenyatta alipokuja kufungua ile hospitali iliyojengwa na Wasovieti, ambayo mpaka leo makanga wanaitangaza kwa jina la Russia, na watu wakapigwa risasi barabarani. Kwa hiyo sikuandikii kukusifia bunduki. Nakuandikia kwa sababu hadithi ya gemu hii inatokea mwaka 1981, na mwaka 1981 wewe ulikuwa mwanafunzi Moscow.

Bado sijaimaliza, niko katikati tu. Kisa chenyewe ni kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, inamsaka jasusi wa Kisovieti anayejulikana kama Perseus, na Rais Reagan wa Marekani mwenyewe anaonekana akitoa ruhusa. Mwanzo ni Amsterdam, watu wanakimbizana juu ya mapaa, kisha uwanja wa ndege huko Uturuki, moto na kelele kila upande. Hapo hukukosa kitu.

Mambo yanabadilika ukifika Berlin Magharibi, kwenye nyumba ambayo majasusi wanakutania. Kuna ubao mkubwa wa picha na karatasi, na kila ushahidi uliookota safarini unaning'inizwa pale. Misheni moja hukwami kwa kukosa shabaha, unakwama kwa kutofikiri. Unapewa diski iliyofungwa kwa neno la siri, kanda ya sauti inayosoma nambari, ukurasa wa gazeti, na karatasi ya mafumbo. Majibu hubadilika kutoka mchezaji hadi mchezaji, kwa hiyo kuiba jibu la mwenzako hakusaidii. Nilichukua daftari la hesabu la mtoto na penseli, nikarudisha kanda nyuma mara sita, saba, nikiandika. Mke wangu alidhani napiga hesabu za chama. Neno lilipokubali usiku wa manane nilisimama nikashika kichwa. Hakuna risasi hata moja iliyowahi kunipa furaha ile.

Halafu nikavuka ukuta, nikaingia Berlin Mashariki. Ni usiku, askari wako kila kona. Ukitaka kufungua mlango wa mtu unazungusha kijiti cha padi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, polepole mpaka kitetemeke kidogo kwenye kidole gumba, ndipo kufuli inakubali. Nilijikuta nimezuia pumzi. Unaweza kufyatua risasi ukipenda, lakini mimi nilikuwa napita gizani nikisikiliza viatu vya watu. Hapo ndipo nilipokukumbuka, Mjomba. Mama huniambia kwamba uliporudi 1985 ulikuwa ukizungumza kwa sauti ya chini hata jikoni kwake, ukifunga dirisha kwanza, na kwamba kuna mtu aliyekuwa akipita dukani kuuliza unakula wapi na unalala wapi. Miaka yote nilidhani Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Wasovieti, ilikuwa huko kwao. Kumbe ilikuja mpaka Kisumu, ikaketi jikoni kwa Mama.

Sasa nimefika Lubyanka huko Moscow, makao makuu ya KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti. Humu unakuwa Belikov, afisa wa humo humo ambaye kisiri anawafanyia kazi Wamarekani. Anatakiwa kupata kadi ya kufungulia sehemu ya chini ya jengo, na njia ni zaidi ya moja. Mojawapo ni kumsingizia jenerali aonekane ndiye msaliti. Unatembea koridoni kama mfanyakazi yeyote, unasalimia, unaingia mkutanoni, hata Gorbachev, aliyekuja kuwa kiongozi wa Wasovieti, yupo mezani. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora kuliko zote nilizocheza, kwa sababu silaha yako kuu ni uso wako. Ukikosea neno umekwisha.

Ila kuna jambo linaniuma, na ndilo hasa la barua hii. Katika miji hii yote sijaona mtu anayeishi. Nimeona walinzi, maafisa, wasaliti, na wanaokufa. Sijaona foleni ya mkate uliyokuwa ukitusimulia. Sijaona mwanafunzi kutoka Nyanza amevaa koti lisilomtosha, anamaliza mwaka mzima wa kwanza akijifunza Kirusi kabla ya kuruhusiwa kugusa somo lake la kilimo. Pale Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba mlikuwa Waafrika, Waarabu, Walatini na watu wa Asia, na gemu inayosema inaeleza 1981 haina nafasi ya hata mmoja wenu akipita njiani.

Lile lori dogo jekundu la bati ulilomletea kaka yangu bado liko kwenye kabati la vyombo la Mama, gurudumu moja limetoka. Uliwahi kusema ulilinunua kwenye duka kubwa la watoto, Detsky Mir. Juzi nilitafuta ramani ya Moscow nione lilikuwa wapi. Mjomba, duka hilo linatazamana na Lubyanka! Uwanja ni mmoja. Upande huu watoto na wanasesere, upande ule madirisha yale. Hukuwahi kutuambia. Gemu nayo inanipitisha korido baada ya korido ndani ya jengo hilo, wala hainipi hata dirisha moja la kuona ng'ambo, pale uliposimama wewe ukihesabu ruble zako, pesa za huko.

Stima ilipotea juzi nikiwa ndani ya korido hizo, na iliporudi sikuendelea. Nimeiacha hapo makusudi. Njoo Jumapili, Mama atapika mbuta. Nitazima sauti ya bunduki ikikusumbua, padi nitashika mimi, wewe uangalie tu. Ukiona kitu cha uongo niambie nisimamishe. Na uje na ile kofia ya manyoya hata kama kuna jua, watoto wanaiulizia.

Ninataka kujua jambo moja tu. Siku ile ukitoka dukani na lori chini ya kwapa, ulipita mbele ya jengo lile kuelekea metro, treni ya chini ya ardhi, au ulizunguka?

Mpwa wako,
Kondele, Kisumu