Wanafunzi wa uinjinia waonyeshwe bili ya umeme

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa matengenezo kwenye kiwanda kimoja huku Vingunguti, na kila likizo ndefu tunapokea vijana wa fildi wa uinjinia, wa umeme na wa mekanika. Kichwani wapo vizuri sana, mpe sakiti anakokotoa mpaka unabaki unamwangalia. Sasa mpe bili ya umeme ya kiwanda. Kimya. Wamezoea LUKU, unanunua uniti zikiisha unanunua tena, hawajawahi kuambiwa kwamba mteja mkubwa analipa uniti halafu analipa tena dimandi kwa kVA (kipimo cha umeme wote anaovuta kwa wakati mmoja), yaani ule mzigo wa juu kabisa aliofikia mwezi huo, hata kama ilikuwa asubuhi moja tu mashine zote zilipopiga kazi kwa pamoja.

Pawa fakta, yaani sehemu ya hizo kVA inayofanya kazi kweli (kW), wanaijua, ile pembetatu wameichora tangu mwaka wa kwanza, ila hawajui kama ni hela. Mzigo wa kW 100 kwenye pawa fakta ya 0.7 unasomeka karibu kVA 143, funga kapasita ufike 0.95 unashuka kwenye 105 hivi, mashine zilezile kazi ileile. Au feni: ukishusha spidi mpaka asilimia 80, umeme inaokula unabaki kama nusu, fomula wanayo kwenye madaftari, lakini wakikuta mota inazunguka ful huku valvu imebanwa badala ya spidi kushushwa, wanapita tu.

Juzijuzi binti mmoja wa fildi akauliza, mbona kompresa inaunguruma saa ya chakula na hakuna anayetumia upepo? Tukazunguka na maji ya sabuni, povu kila kiungio, kumbe upepo unavuja. Swali kama lile kwenye mtihani halipo kabisa.

Kuna watakaosema umeme siku hizi upo, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, mgao wa 2023 tumeshausahau. Sawa, ila umeme kuwepo hakupunguzi bili ya mtu.

Ninachoomba wala hakihitaji maabara mpya. Chuo chenyewe kinatosha, maana AC zipo nyuzi 16 na milango wazi, taa za korido zinawaka saa saba mchana. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wapewe jengo moja, klampu mita (kifaa kinachobana waya na kupima umeme unaopita), na bili za mwaka mzima (hapa ndo patakuwa pagumu, maofisini bili zinafichwa kama siri za ndoa). Wapime, waandike ripoti, halafu waitetee mbele ya mhasibu wa chuo na sio mhadhiri peke yake, kwa sababu mhadhiri ataangalia hesabu zimekaaje lakini mhasibu atauliza kitu kimoja tu, hela yangu inarudi lini? Kijana akiweza kujibu hapo, mimi namchukua kesho.

Na wahadhiri wasiokuwa na bili za kufundishia, bosi wangu kasharidhia tutoe zetu za zamani, jina tutafuta. Waje na wanafunzi Jumamosi asubuhi, mashine zinakuwa chache mtu anasikika anachoongea, ila kila mtu aje na viatu vya kufunika vidole, getini hawataki sendo.

Msimamizi wa matengenezo,
Vingunguti, Dar es Salaam