Yaya, vidonge sitatuma

Montréal, Jumapili usiku

Yaya mpendwa, mkubwa wangu,

Nakusalimu sana, wewe na watoto na Mama. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inatuonea. Pesa ya shule nimetuma jana.

Sasa ile habari ya vidonge. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu: "Nitumie ile dawa ya kusahau." Sitatuma. Kwanza wewe una pumu, na dawa ile humbana kifua mwenye pumu, inaweza hata kumuua. Usiitafute Birere, wala popote hapo Goma. Tafadhali.

Tena nilikueleza vibaya kwenye simu. Si dawa ya kusahau. Inaitwa propranololi, ya moyo na presha, ipo tangu miaka ya 1960. Kipya ni matumizi. Mwanasaikolojia wa huku, Alain Brunet, na wenzake waliijaribu kwa watu 60 waliokuwa wakiishi na hofu ya mambo mabaya yaliyowapata. Matokeo yalitoka 2018. Mtu anameza, anangoja zaidi ya saa moja, ndipo anaandika mkasa wake na kuusoma kwa sauti. Wiki sita, mara moja kila wiki. Wanasema kumbukumbu ikifunguliwa hulainika kidogo kabla ya kujifunga tena, na dawa huizuia isijifunge na mshtuko wote. Tukio unalikumbuka, ila moyo hauruki.

Mama anasema uchungu ndio kaburi la ndugu yetu Kadogo, maana lingine hana. Mama anisamehe, hapo simfuati. Wewe kushtuka kila tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, inapoteremka kwa kishindo kunamsaidia nini marehemu?

Ninachoogopa mimi ni watu wengine watakaoimeza. Mwaka 2003 baraza lililomshauri rais wa Marekani juu ya maadili ya tiba lilikwisha kuliona hilo: muuaji naye anaweza kujituliza kwa kidonge. Fikiria huko kwetu, mwenye bunduki anatoka kijijini asubuhi, anameza, analala vizuri. Na yule mama aliyetendewa, akisimama mbele ya hakimu anasimulia bila sauti kutetemeka, si watasema anadanganya? Mgonjwa apewe, sikatai. Lakini mtu aliyeua, nataka asilale.

Juzi nilijaribu kuandika ukurasa wangu, bila kidonge, hapa kwenye meza ya jikoni. Januari 2002, volkano ya Nyiragongo imelipuka. Mama ana godoro kichwani. Mbingu nyekundu nyuma yetu, watu wamejaa barabara ya Gisenyi, harufu ya kiberiti. Wewe umenishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umemshika Kadogo. Nikaandika mpaka viatu vyako, moja bluu, moja cha Baba. Halafu nikafika pale mkono wako wa kulia ulipokuwa mtupu, kalamu ikagoma.

Miaka yote unasema ulimwachia kwa uzembe. Hapana, Yaya. Nilikuwa nalia unibebe. Nilikaa chini kabisa, nikakataa kutembea. Ulimwachia ili uninyanyue mimi.

Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka. Sikuwahi kukuambia.

Nipigie Jumamosi, Mama akiwa sokoni.

Mdogo wako