Barua kwa Mwanangu Kabla ya Safari ya Ahmedabad

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako sote hatujambo. Umeniarifu kwamba chuo chenu kinawapeleka Gujarat, jimbo la India, mwezi wa Januari, na kwamba katika safari hiyo mtapata siku mbili tu za kuutembelea mji wa Ahmedabad. Mimi niliufahamu mji huo wakati nilipomuuguza mama yako mdogo katika hospitali moja ya huko, kwa kuwa kila alipolala nilitoka kwenda kutembea, na ndiyo maana nakuandikia mapema, wewe unayesomea ubunifu wa majengo, ili muda wenu mfupi usiishie kwenye maduka na foleni za magari.

Kabla ya kitu kingine chochote, nenda kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni msikiti mdogo, umezungukwa na barabara zenye bajaji na pikipiki zisizokatika, na mtu asiyeambiwa huupita bila kugeuza shingo. Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, katika siku za mwisho za masultani wa Gujarat, kabla jeshi la Akbar, mfalme wa Mughal, halijaichukua nchi. Sidi Saiyyed, aliyeujenga, alikuwa Mhabeshi, mtu wa upande wetu wa bahari, mmoja wa Waafrika wengi waliofikishwa India kama watumwa na askari, na ambao baadhi yao walipanda wakawa majemadari na watu wa cheo. Nataka ulijue jambo hilo kabla hujafika, kwa sababu wageni wengi huyapiga picha madirisha yake wakaondoka bila kujua ni nani aliyeyaagiza.

Simama uani wakati wa alasiri, uelekeze macho magharibi. Upande wa mbele wa msikiti uko wazi, kwa hiyo utaona moja kwa moja hadi ukuta wa kibla, ambako mwanga wa jua unapenya katika matao yaliyojazwa nakshi za mawe yaliyotobolewa. Yako matao yaliyogawanywa katika vijiraba vidogo vya nakshi za kijiometria. Halafu liko lile mashuhuri, lenye mti ambao matawi yake yanapanda, yanajikunja na kusukana hadi yakajaza tao zima, na katikati yake umesimama mnazi au mtende; mimi moyoni nililiita mnazi. Jiwe lile limechongwa likawa jembamba kama lesi, na bado limestahimili zaidi ya miaka 400 ya joto, mvua za masika ya kule na vumbi la mji. Tao la katikati, ambalo ungelitarajia liwe zuri kuliko yote, limezibwa kwa mawe matupu. Wengi huamini kwamba vita viliikatiza kazi hiyo. Nakuomba usiseme kwamba Sidi Saiyyed ndiye aliyeshika patasi, kwani mkono ni wa mafundi wa Gujarat, waliokuwa wakichonga mawe ya mahekalu tangu zamani. Yeye ndiye aliyewaamini na kuwapa kazi, na hilo peke yake ni jambo kubwa la kumheshimu.

Kutoka hapo, mji wa kale si mbali. Sultani Ahmad Shah aliuasisi mwaka 1411, na msikiti wake wa Ijumaa, uliokamilika mwaka 1424, una msitu wa nguzo zaidi ya 250. Minara yake iliangushwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1819, na hivyo sura unayoiona leo si ile aliyoiacha mwenyewe. Ingia humo kwa utulivu, kisha potea kwa makusudi katika vichochoro vya mitaa inayoitwa pol. Kila mtaa ulikuwa na lango lake lililofungwa usiku. Nyumba zina nguzo na mihimili ya mbao iliyochongwa, baraza za kukalia mbele ya mlango, na ua wa ndani ambao chini yake mara nyingi kuna birika la kuhifadhia maji ya mvua. Omba kuonyeshwa hilo birika, na uangalie maji yanavyoteremshwa kutoka paani, maana wewe ni wa Pwani na tatizo la maji unalijua. Utaona pia vijumba vya kulishia ndege vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, navyo vina nakshi kama nyumba za watu. Milango ya huko itakukumbusha ile ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye vijiraba vingi vya mbao, ambayo ilifika kwetu pamoja na wafanyabiashara na mafundi wa Kigujarati. UNESCO iliuweka mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2017, na ukiwa ndani yake huhitaji kuelezwa sababu.

Siku ya pili, asubuhi, vuka mto Sabarmati uende kwenye makazi ya Gandhi, ambako ndiko alikoanzia matembezi ya chumvi, ya kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza, tarehe 12 Machi 1930, akiwa na wenzake 78, hadi pwani ya Dandi. Chumba chake kina vitu vichache mno. Usiache kuchunguza makumbusho yaliyobuniwa na msanifu majengo wa Kihindi Charles Correa na kufunguliwa mwaka 1963: vyumba vya mraba, nguzo za matofali, paa za vigae, na madirisha ya mbao yasiyo na kioo hata kimoja. Upepo unapita wenyewe. Hayo ndiyo majengo ninayotamani siku moja uyajenge kwetu, badala ya hizi nyumba za vioo zinazotuchemsha mchana kutwa.

Muda ukibaki, kisima cha ngazi cha Adalaj kiko nje kidogo ya mji, kina ghorofa tano kwenda chini ya ardhi. Usipobaki, usihangaike, bora urudi kwa Sidi Saiyyed ukae na daftari lako, uchore lile dirisha kwa mkono, kisha unitumie mchoro kabla hata ya picha zako.

Mama yako akupendaye