Namba 91 ya jetiski isiwapotoshe

Mhariri,

Wenye jetiski za supachaja (pampu inayosukumia injini hewa zaidi) hapa pwani wasome vizuri kibandiko cha mdomo wa tangi. Namba hiyo ni ya oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujilipukia. "91" ya Marekani ni AKI, wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON; ni sawa na takriban RON 95. Ukitia RON 91, chini ya mgandamizo ule mafuta hujilipukia yenyewe, injini inagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Sensa huchelewesha cheche kuiokoa, lakini nguvu inapungua.

Ethanoli isizidi asilimia 10, maana hunyonya unyevu.

Na jamani, acheni kuchanganya oili kwenye petroli kama ya mashine za ngalawa! Jetiski hizi ni za mipigo minne, oili yake ina mahali pake. Oili hushusha oktani na kuchafua plagi.

Fundi, Mombasa