Glasgow hakuna marathoni. Sisi tutakimbia nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie maandalizi ya timu yetu ya taifa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, iliyopangwa kufanyika Glasgow, Uskoti, kuanzia Julai 23 hadi Agosti 2, 2026. Ili kubana matumizi, michezo hiyo imepunguzwa hadi kubaki aina 10 tu, na miongoni mwa vilivyokatwa ni mbio za barabarani, marathoni ikiwamo. Kwa mataifa mengi hilo ni punguzo dogo, lakini kwa Tanzania ni sawa na mvuvi kuambiwa kuwa msimu huu ziwa limefungwa.

Kumbukumbu zenyewe zinasema. Birmingham 2022 tulirudi na medali tatu, yaani fedha ya Alphonce Simbu katika marathoni na shaba mbili za mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Kabla ya hapo, Delhi 2010, Glasgow hiyohiyo 2014 na Gold Coast 2018, tulirudi mikono mitupu. Ukitaka kuona Mtanzania aliyepata medali ya michezo hii kwa kukimbia ndani ya uwanja, itakubidi urudi hadi Melbourne 2006, Fabiano Joseph alipotwaa shaba ya mita 10,000. Na hata huko, dhahabu yetu ilitoka barabarani kwa Samson Ramadhani. Katika Olimpiki hali ni hiyohiyo. Tokyo 2020 tulipeleka wanariadha watatu, wote wa marathoni. Paris 2024 tulipeleka wanamichezo saba, na ukiondoa waogeleaji wawili na mcheza judo mmoja, wanne waliobaki walikuwa wa marathoni. Ndondi ipo Glasgow, nashukuru, ila hiyo nawaachia wanaoijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Glasgow itarudisha mbio za maili moja, zitakazochukua nafasi ya mita 1,500. Maili ilikimbiwa mara ya mwisho katika michezo hii huko Kingston, Jamaika, mwaka 1966. Katika jiji hilohilo, mwaka 1975, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3:51.0. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, Bayi huyohuyo alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akakimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2 na kuvunja rekodi ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfukuza na kumkosa. Nilikuwa mtoto, na sisi vijana wa Manyara tuliokuwa tukisikiliza redio moja ya jirani tulijua maana ya kukimbia mbele bila kungoja mtu. Leo maili inarudi, na sijasikia jina la Mtanzania hata mmoja likitajwa.

Watakaonijibu watasema kuwa marathoni imetulipa, na kwamba Simbu ni bingwa wa dunia. Ni kweli, na ninajivunia. Lakini watazame tena umaliziaji wa marathoni ile ya mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025. Baada ya kilomita 42, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walikimbizana ndani ya uwanja Mjerumani akiwa mbele, wakafika utepeni kwa muda uleule wa saa 2:09:48, na ikabidi picha iamue kwa tofauti ya sekunde 0.03. Dhahabu ile ilipatikana katika mita chache za mwisho, ndani ya uwanja, kwa kasi ya mtu anayejua kufyatuka. Kwa hiyo hata anayeipenda barabara peke yake anahitaji kuufikiria uwanja.

Siwalaumu vijana wanaokimbilia barabarani, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha. Mbio za barabarani zenye zawadi ni nyingi, na barabara haihitaji kujengewa njia nane. Mashindano ya uwanjani ni machache, na zawadi yake mara nyingi ni cheti na soda.

Nilifundisha michezo katika shule ya sekondari kwa miaka 27. Kila mwaka, kabla ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tulichora njia kwa majivu ya jikoni kwa sababu chokaa ilikuwa ghali, na mzunguko wetu ulikuwa wa mita 300 badala ya 400, maana upande mmoja kulikuwa na mti wa mkuyu ambao wazee walikataa ukatwe. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vya miiba, namba 42, vilivyovaliwa kwa zamu; mwenye mguu mdogo alijaza gazeti puani mwa kiatu. Mwaka mmoja kijana wangu wa mita 1,500 alifika mashindano ya taifa, na kwa mara ya kwanza akaiona njia ya tatani, ile iliyotandikwa mpira. Alivua raba zake pembeni, akazishika mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, ni ruhusa kukanyaga?" Alidhani ni zulia. Alikimbia peku, akashika nafasi ya nne, na baada ya kidato cha nne sikumsikia tena katika riadha.

Tunapojiandaa kuwa wenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, fedha za viwanja zinapatikana, nami sina wivu na soka. Ninachoomba ni kwamba katika kila kanda uwepo uwanja mmoja wenye njia ya tatani ambao mtoto wa shule anaweza kuuingia bila barua tatu za maombi. Kwa Glasgow, majaribio ya wazi ya maili, wanaume na wanawake, yafanyike mapema, na muda wa kila mkimbiaji uchapishwe magazetini pamoja na jina lake, ili siku timu itakapokabidhiwa bendera tujue nani anakwenda kukimbia nini.

Mwalimu mstaafu,
Babati, Manyara